Faili la asili limepotea, tovuti bado iko hewani: nini kinarudi na nini hakirudi

Swali: Shikamoo mwalimu. Miaka miwili iliyopita nilitengeneza tovuti ya SACCOS moja hapa Morogoro. Ukurasa wa mbele niliuchora kwa Photoshop, mitindo niliiandika kwa Sass (inayogeuzwa kuwa CSS, lugha ya mitindo inayosomwa na kivinjari), na kikokotoo cha mkopo kwa JavaScript ambayo ilibanwa kabla ya kupandishwa. Nilipomaliza mchoro niliunganisha tabaka zote, nikahifadhi JPG tu. Mwezi uliopita fundi aliniwekea Windows upya kwenye laptopu kabla sijanakili folda ya kazi. Tovuti yenyewe inaendelea vizuri, lakini mwenyekiti anataka mkopo wa elimu uongezwe na rangi za juu zibadilishwe kabla ya mkutano mkuu. Je, naweza kuyapata mafaili yangu ya asili, au nianze upya?

Jibu: Marahaba. Hutaanza upya, na wala hutapata kila kitu. Kilicho hewani ni zao la mafaili yako, si mafaili yenyewe, na kila hatua kati ya faili la asili na zao hilo ilitupa kitu njiani: Sass ilitupa majina uliyozipa rangi, programu ya kubana JavaScript ilitupa majina ya vigeu pamoja na maelezo yako, na JPG ikatupa tabaka. Ukishajua kila hatua ilitupa nini, utajua pia kipi kinatafutwa, kipi kinaandikwa upya, na kipi hakina haja ya kuguswa kabisa. Kwa jinsi ulivyoeleza, kundi hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko unavyodhani.

Kabla ya kutafuta chochote, chukua nakala ya kilichoko kwenye seva, na uichukue leo. Kwa sasa hiyo ndiyo nakala pekee ya kazi yako, nayo inategemea ada ya mwaka ambayo mhasibu wa SACCOS anaweza kuisahau. Ingia cPanel, paneli ya kusimamia seva, nenda kwenye sehemu ya mafaili, ibane folda nzima ya public_html iwe zip moja, kisha uishushe. Usichague mafaili moja moja, kwa sababu mafaili yanayoanza na nukta, kama .htaccess, huwa yamefichwa yasionekane kwenye orodha, ilhali zip ya folda nzima huyabeba. Kama tovuti ina hifadhidata, fungua phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata, uitoe yote katika faili la .sql. Usipandishe kitu chochote kwenye seva hiyo mpaka nakala hizi mbili ziwe mkononi, na ikiwezekana ziwe sehemu mbili tofauti.

Nasisitiza njia ya cPanel kwa sababu wengi hukimbilia kuhifadhi ukurasa kupitia kivinjari. Ukihifadhi ukurasa kamili kwa namna hiyo, kivinjari hukupa ukurasa ulivyo baada ya JavaScript kuubadilisha, si ulivyotumwa na seva, na anwani za picha na mitindo huandikwa upya zielekee kwenye folda ya kompyuta yako. Zaidi ya hapo, PHP haitoki kamwe kwa njia hiyo, maana seva huitekeleza kwanza na kukutumia matokeo tu. Iwapo nenosiri la cPanel limepotea na mwenye akaunti hapatikani haraka, tumia wget, programu ya kushusha tovuti kwa amri, pamoja na --mirror na --page-requisites, lakini uache --convert-links, kwa sababu unataka viungo jinsi vilivyo, si vilivyorekebishwa kwa ajili ya kusomea nje ya mtandao. Hilo ni la muda tu. Endelea kumfuatilia mwenye akaunti.

Sasa ifungue zip hiyo uichunguze kama mtu anayepekua sanduku la marehemu. Wanaoanza kazi hii mara nyingi hupandisha folda nzima ya mradi badala ya toleo lililojengwa peke yake, na nimewahi kukuta folda ya scss, package.json na hata node_modules vimekaa wazi kwenye seva za wateja. Ni uzembe, lakini kwako leo ungekuwa neema. Tafuta mafaili yenye viishio .scss (ya Sass), .psd (ya Photoshop, yenye tabaka) na .zip, na folda zenye majina kama src, old au backup. Kisha tafuta jambo muhimu kuliko yote hayo: mafaili yenye kiishio .map.

Faili la .map ni ramani inayokiambia kivinjari kila kipande cha msimbo uliobanwa kimetoka mstari upi wa faili lipi la asili. Fungua style.css na faili lako la JavaScript, nenda mstari wa mwisho kabisa, uone kama kuna maneno sourceMappingURL. Yakiwepo, yanakutajia ramani iliko. Ndani ya ramani mna sehemu iitwayo sources, yenye majina ya mafaili ya asili, na mara nyingi mna nyingine iitwayo sourcesContent, ambayo ina maandishi kamili ya mafaili hayo, pamoja na maelezo yako na majina ya vigeu. Ukiikuta sourcesContent imejaa, kazi ya JavaScript imekwisha: fungua tovuti kwenye Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya vyanzo (Sources), na utayaona mafaili yako yamepangwa kwenye folda zake kana kwamba hayakuwahi kupotea. Yanakili moja moja.

Uwezekano wa kuikuta unategemea chombo ulichotumia kujengea. Vite haitoi ramani kwenye toleo la kupandishwa isipokuwa umeiagiza, na webpack katika hali ya uzalishaji nayo ni hivyo hivyo. Create React App, kinyume chake, iliitoa bila kuulizwa. Upande wa Sass, programu yake ya sasa huandika style.css.map pembeni ya style.css kila inapojenga, ila kwa kawaida haiweki maandishi ya asili ndani yake. Hata hivyo usiitupe ramani hiyo tupu. Itakuonyesha kwamba ulikuwa na _rangi.scss, _kichwa.scss na _jedwali.scss, na kwamba kanuni fulani ya mitindo ilitoka mstari fulani wa faili fulani. Hiyo ni mifupa ya mradi wako, nayo hupunguza kubahatisha utakapofika kwenye kuujenga upya.

Nikirudi kwenye laptopu, muulize fundi swali moja: alifomati diski, au aliweka Windows juu ya ile ya zamani? Mafundi wengi hawafomati. Katika hali hiyo mafaili ya zamani husukumwa kwenye folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C, nayo Windows huweza kuifuta yenyewe baada ya siku kama 10, kwa hiyo kwa mwezi mmoja matumaini ni madogo, lakini kuangalia ni dakika moja. Ukiikuta, usiishie kwenye folda ya nyaraka. Kama ulikuwa unaandikia Visual Studio Code, ingia kwenye folda ya mtumiaji, kisha AppData, Roaming, Code, User, History. Tangu toleo la 1.66 la mwaka 2022, programu hiyo hutunza nakala ya faili kila unapolihifadhi. Majina ya nakala hizo ni herufi zisizo na maana, lakini kila folda ina faili la entries.json linalotaja anwani ya faili la asili.

Angalia pia OneDrive, na uiangalie kupitia kivinjari, si kwenye laptopu. Windows za miaka ya karibuni, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, hupendelea kupeleka folda za dawati na nyaraka huko, hata kwa watu wasiokumbuka kukubali. Akaunti ya bure ina nafasi ya GB 5, ambayo kwa mafaili ya scss ni bahari. Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka la OneDrive kwa siku 30, kwa hiyo kama mwezi wako haujatimia, usilale kabla hujaangalia.

Kuhusu programu za kufufua mafaili, nitakueleza wazi ili usipoteze fedha. Kama laptopu yako ina diski ya SSD, karibu hakuna cha kufufua: kompyuta huiarifu diski kwamba sehemu fulani hazina kazi tena, kwa amri iitwayo TRIM ambayo Windows imekuwa nayo tangu toleo la 7 la mwaka 2009, na diski husafisha sehemu hizo yenyewe. Kama ni diski ya kuzunguka ya zamani, zima laptopu, itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, kisha utumie PhotoRec, ambayo ni ya bure, huku ukihifadhi matokeo kwenye diski tofauti. PhotoRec hutambua faili kwa alama za mwanzo wake. PSD huanza na herufi 8BPS, hivyo hupatikana kirahisi ikiwa haijaandikwa juu. Faili la scss ni maandishi matupu yasiyo na alama, kwa hiyo likipatikana litakuja bila jina lake, katikati ya maelfu ya maandishi mengine, na itabidi ulisake kwa neno unalokumbuka kuliandika. Mwezi mzima wa kuitumia laptopu hiyo umekwishafuta sehemu kubwa. Mimi nisingempa fundi shilingi yoyote kwa ajili ya kazi hii. Ningempa jioni moja ya muda wangu, basi.

Tuje kwenye mchoro. Hukueleza kama uliwahi kuhifadhi PSD hata mara moja kabla ya kuunganisha tabaka. Kama hukuwahi, hakuna programu itakayofufua faili ambalo halikuwahi kuandikwa. Photoshop hutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini nakala hiyo ni ya siku programu inapoanguka au umeme unapokatika; ukifunga mwenyewe na kujibu kwamba hutaki kuhifadhi, nayo hutupwa. Nalijua hilo kwa uchungu, maana niliwahi kujibu hivyo saa nane usiku nikiwa na tabaka zaidi ya 60. JPG nayo haifichi kitu: maandishi yalipounganishwa na picha iliyo nyuma yake, vitone vilivyokuwa chini ya herufi viliondoka moja kwa moja.

Kuna mlango mmoja ambao watu huusahau, nao ni PDF. Wenyeviti na wajumbe wa bodi hupenda PDF kwa sababu inafunguka kwenye simu. Photoshop inapohifadhi PDF huuliza kama ibakize uwezo wa kuhariri, na kama kisanduku hicho kilikuwa na alama, PDF hiyo ukiirudisha Photoshop hufunguka na tabaka zake zote. Kwa hiyo pitia barua pepe ulizozituma wakati ule, kisha umwombe mwenyekiti na katibu watazame kwenye simu zao mazungumzo yenu ya WhatsApp. Kumbuka tofauti hii: picha iliyotumwa kama picha hupunguzwa ukubwa na ubora, lakini iliyotumwa kama hati hufika kama ilivyotoka, hata ikiwa ni PSD au TIFF, ambayo nayo huweza kubeba tabaka.

Baada ya misako hiyo, ambayo nakushauri isizidi siku mbili, jiulize kama mchoro wa asili unauhitaji kweli. Mwenyekiti ameomba rangi za juu na mkopo wa elimu. Rangi za juu ziko ndani ya CSS, si ndani ya Photoshop. Fonti zimetajwa humo, pamoja na ukubwa wake na nafasi kati ya mistari. Ukibonyeza F12 na kugusa kichwa cha habari, kivinjari hukupa vipimo sahihi kuliko macho yako juu ya JPG. Kama nembo iliwekwa kwa SVG, hiyo ni michoro kamili isiyoharibika kwa kukuzwa. Picha za wanachama, kama tovuti inaendeshwa kwa WordPress, zitafute kwenye wp-content/uploads, kwa sababu tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa na kupewa jina lenye neno scaled, huku ile ya asili ikibaki kwenye folda hiyo hiyo. Kinachobaki bila tiba ni yale mapambo ya juu yaliyounganishwa na picha. Hayo yachore upya: weka JPG kama tabaka la chini, ifunge isiguswe, ipunguzie uzito wa kuonekana (opacity) hadi asilimia 50, kisha uchore juu yake kama mtu anayenakili ramani kwa karatasi ya kuonyesha. Usiihariri JPG yenyewe na kuihifadhi tena na tena, kwa kuwa kila mara hupoteza ubora kidogo.

Kuhusu Sass, una bahati ambayo huenda hukuijua: karibu CSS yoyote sahihi ni scss sahihi. Chukua style.css ya kwenye seva, ipitishe kwenye Prettier, programu ya kupanga msimbo, ili mistari irudi, badilisha kiishio chake kiwe .scss, na tayari una faili la asili linalojengeka. Kuanzia hapo ni kulisafisha. Hesabu rangi zinazojirudia. Ukiona #0b6b3a imetokea mara 37, hiyo ndiyo kijani yako kuu, ipe jina na uiweke juu. Zingatia kwamba programu za kubana hufupisha, hivyo #ffffff utaikuta #fff. Zingatia pia kwamba mahali ulipoagiza kijani ikolezwe kwa asilimia 10, sasa pana rangi nyingine kabisa isiyoonyesha uhusiano wowote na ile ya kwanza. Uhusiano huo utaurudisha wewe kwa kuzilinganisha. Huna haja ya kumaliza usafi huu kabla ya mkutano mkuu. Anza na sehemu ya juu ya ukurasa, nyingine ziache kama zilivyo.

JavaScript iliyobanwa, ikiwa ramani haikupatikana, ndiyo sehemu itakayokuchosha. Prettier, au kitufe cha mabano {} kwenye kivinjari, hurudisha mistari na nafasi, lakini hakirudishi majina, na kigeu ulichokiita kiasiChaMkopo kitakuwa e. Usianze kusoma kutoka juu. Anza na maneno anayoyaona mtumiaji, kwa sababu hayo hayabanwi: tafuta ujumbe kama “Tafadhali jaza kiasi cha mkopo”, utajikuta ndani ya kazi (function) inayokagua fomu, na kutoka hapo rudi nyuma ukibadilisha majina kadiri unavyoelewa. Nambari nazo hubadilika sura. Riba ya 0.015 kwa mwezi utaikuta .015, kikomo cha shilingi 1,000,000 utakikuta 1e6, na neno true utalikuta !0. Kabla ya kubadilisha lolote, chukua mifano mitano ya mikopo, iingize kwenye kikokotoo kilicho hewani, na uandike majibu kwenye daftari, kwa sababu hayo ndiyo utakayopimia toleo lako. Hapa ni fedha za wanachama. Kosa la kuzungusha desimali halitasamehewa kama kosa la rangi.

Kama kuna ukurasa uliowahi kuwepo na sasa haupo hata kwenye seva, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti. Ukiipata tarehe unayoitaka, ongeza id_ mara baada ya tarakimu za tarehe ndani ya anwani, na utapewa faili kama lilivyonaswa, bila viungo kuandikwa upya. Desemba 2009 Jeff Atwood, mwandishi wa blogu ya Coding Horror, alipoteza tovuti yake pamoja na nakala rudufu. Maandishi yalipatikana kwenye nakala za mitambo ya utafutaji, na picha zikapatikana kwa msomaji aliyekuwa amezihifadhi. Nakala za Google ambazo watu walizitegemea enzi zile zilianza kuondolewa mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo usihangaike nazo.

Kwa mwenyekiti, mweleze ukweli mapema kwamba mafaili ya kazi yalipotea na kwamba tovuti yenyewe iko salama. Mtoze gharama ya mkopo wa elimu na rangi mpya. Siku za kurudisha mafaili ni zako. Kama mkataba wenu ulisema mafaili ya asili ni mali ya SACCOS, basi suala hili ni kubwa kuliko la ufundi, na litafaa kuandikwa kwa barua badala ya ujumbe wa simu.

Utakapokuwa na scss yako mpya na JavaScript yenye majina yanayosomeka, usianze na alichoomba mwenyekiti. Jenga kwanza tovuti ile ile isiyo na badiliko lolote. Pitisha CSS uliyoijenga na CSS ya kwenye seva kwenye Prettier, zilinganishe mstari kwa mstari, na uirudie mifano yako mitano ya mikopo. Tofauti yoyote utakayoiona wakati huu ni kosa lako la kurudisha. Ukiiona baada ya kuongeza mkopo wa elimu, hutajua imetoka wapi. Tofauti zikiisha, anzisha hazina ya git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, weka humo kila kitu pamoja na ile zip ya siku ya kwanza, uisukume kwenye akaunti iliyo nje ya laptopu yako, na iwe hazina ya faragha kwa sababu nywila ya hifadhidata huenda imo ndani ya mafaili ya PHP. Hapo ndipo ufungue faili la rangi.